Vumbi la Darini

Siku Fagio alipofunga bomba la maji moto upande wa maji baridi, mwenye nyumba hakugomba. Alicheka. Alishika kiuno akacheka, akamwita dada yake naye aje aone, kisha akamgeukia mke wa Fagio, aliyekuwa amefika mlango wa nyuma kuchukua nguo za kufua, akamwambia, "Dobi, mwenzio leo ameamka na chupa."

Matusi Dobi angeyavumilia. Kicheko kilimwingia kama sindano chini ya ukucha. Ameishi na mwanamume yule miaka ishirini na mbili na hajamwona akionja kileo. Hata dawa ya kikohozi akisikia ina kileo ndani, huirudisha dukani. Aliweka kikapu chini akaingia bafuni.

Mumewe alikuwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba, anapapasa vigae kwa kiganja kama mtu aliyeangusha pete gizani. Nje jua lilikuwa la saa nne, na dirisha lilikuwa wazi.

"Unatafuta nini, baba?"

"Spana."

"Si hiyo hapo mbele yako?"

"Naiona. Lakini ni ipi kati ya hizo mbili?"

Spana ilikuwa moja.

Dobi aliiokota akamtia mkononi. Akakaa naye mle bafuni, yeye anashika bomba, mumewe anakaza, na kila mara akimnong'oneza: kushoto, zungusha, basi. Walipomaliza, Fagio akaomba ufagio. Hilo ndilo lililompa jina. Mafundi wengine wa bomba huacha tope na vipande vya uzi mweupe wa kuzibia maungio sakafuni. Yeye haondoki mpaka afagie, na huwaambia wenzake kwamba fundi asiyejua kufagia hajui kazi. Alifagia, akarudisha ufagio, akaaga kwa heshima zake zote. Alikuwa amefagia nusu ya sakafu. Nusu nyingine hakuiona. Dobi aliinama akaimalizia, mwenye nyumba akimtazama mlangoni, mikono kifuani.

Njiani Fagio alitembea akigusa ukuta.

"Ni kichwa tu," alisema kabla hajaulizwa.

"Kichwa cha wiki tatu?"

"Kichwa hakina kalenda, mama."

Nyumbani aliketi mezani akajimiminia chai. Chai ikaanguka kando ya kikombe, ikatiririka hadi kwenye nguo za watu ambazo Dobi alikuwa amezikunja. Wote wawili waliitazama ikienda. Kisha Fagio akatabasamu, maana alikuwa mtu wa kutania hata msibani, akamtazama mkewe kwa jicho lile lililofumba nusu.

"Nikwambie siri? Nimeoa mke wa pili. Amekaa hapo hapo ubavuni mwako. Mmefanana kama mapacha."

"Na yeye anajua kufua?"

"Sijamuuliza. Ananitazama tu."

Dobi alicheka kwa sababu mumewe alitaka acheke. Akaenda ndani, akafungua kopo la wanga wa kunyooshea nguo, ambamo chini ya wanga kulikuwa na mfuko mdogo wa karatasi usio na jina. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, vidogo kama mbegu za papai. Akavihesabu, ingawa hakujua kwa nini anavihesabu, akavirudisha.

Vilikuwa vidonge vya mgongo. Mgongo wa fundi wa bomba haukai sawa. Maisha yake ni chini ya sinki na juu ya dari. Miaka miwili iliyopita muuza dawa alimpa Dobi vidonge vile, na wiki ileile mgongo ukanyamaza. Tena vikaleta hamu ya kula. Mashavu ya Fagio yakajaa, yakawa duara, yakang'aa. "Dobi, unamlisha nini huyu? Amenawiri!" watu walimwambia, naye akitembea kifua mbele kana kwamba mashavu yale ameyakanda kwa mikono yake. Muuza dawa aliposema, "Mama, punguzeni, hizi si pipi," Dobi alishukuru vizuri, akahamia duka jingine.

*

Jumamosi alikuja kaka mkubwa wa Fagio, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Hakuwa mwenyekiti wa chama chochote. Ila penye watu watatu wa ukoo ule wamekaa, yeye ndiye hufungua kikao, na asipokuwepo kikao huahirishwa. Alikuwa mtu wa magoti mabovu na uso mpana unaong'aa kama sahani iliyosuguliwa.

"Mdogo wangu," alianza, "kichwa ni mawazo. Mwanamume akiwa na jambo la kusema asiposema, linapanda juu."

"Karibuni, kaka," Fagio alisema kutoka kitandani. "Mmekuja wawili leo?"

Mwenyekiti aliangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akamgeukia Dobi, na katika jicho lake mlikuwa na swali ambalo Dobi alilisoma bila kusomewa: mdogo wangu umemfanyaje?

Kabla hajalitoa mdomoni, Fagio alijaribu kuinuka amkaribishe kaka yake kwa adabu. Shingo haikukubali. Alitapika palepale, maji matupu, kisha akaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio, kwamba tangi limejaa, nani ameacha tangi lijae, fungeni. Dobi alikimbia barabarani kutafuta teksi bila viatu. Mwenyekiti, magoti au si magoti, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni hadi nje. Hilo tulitaje, kwa kuwa baadaye tutamlaumu.

*

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika vizuri. Aliuliza maswali kwa utaratibu kama mtu anayepanga matofali. Kichwa kimeanza lini? Anaona vitu viwili tangu lini? Amewahi kukohoa?

"Alikohoa," alisema Dobi. "Kikohozi kikavu, kikaja kikaenda. Kama miezi mitatu sasa."

"Miezi mitatu iliyopita alikuwa anafanya kazi wapi?"

Mwenyekiti alikohoa kwa kukosa subira. "Daktari, tumeleta mgonjwa, hatukuja kuomba kazi."

"Swali langu lina sababu, mzee wangu."

Dobi akaeleza. Kulikuwa na ukumbi wa sinema wa zamani uliofungwa miaka mingi. Mwenyewe akataka kuufungua tena. Fagio aliitwa abadilishe tangi na mabomba yaliyo darini. Siku tatu alikuwa huko juu. Alishuka jioni mweupe nywele na kope, kama mtu wa mashine ya kusaga.

"Mweupe kwa nini?"

"Vumbi. Darini njiwa walikuwa wamezaliana, kinyesi chao kimekauka unene wa kidole. Hakuna aliyemwambia afagie. Lakini ndiye yeye." Akatazama chini. "Alifagia dari yote. Kavu hivyo hivyo."

Daktari aliandika, kalamu ikagoma, akachukua nyingine.

"Sawa. Kuna dawa yoyote anayotumia? Hata ya kununua dukani, hata ya mizizi. Mimi sigombezi mtu, nataka kujua tu."

Kopo la wanga lilimjia Dobi machoni waziwazi, na kifuniko chake chenye kutu. Kando yake shemeji alikuwa amesimama, anasubiri. Mkono ulionunua ulikuwa wake. Mkono uliohesabu viwili kila asubuhi, ukaviweka juu ya kisosi, ulikuwa wake.

"Hapana," alisema. Neno lilitoka jepesi.

Wakampima damu. Majibu ya virusi vya UKIMWI yalirudi safi, na Mwenyekiti akashusha pumzi kwa sauti hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Daktari alimtazama. "Hata angekuwa navyo, mzee, angetibiwa hapahapa na angepona vilevile." Wakampiga picha ya kichwa. Hapakuwa na uvimbe. Ndipo daktari akasema kwamba anataka kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano.

"Hapana," alisema Mwenyekiti.

"Mzee wangu..."

"Sindano hiyo naijua. Mke wa jirani yangu alichomwa Jumatatu, Jumatano tukazika. Shemeji, funga vitu vyako, tunarudi nyumbani."

"Alichomwa akafa," alisema daktari taratibu, "au alikuwa anakufa, akachomwa akiwa amechelewa? Watu huiogopa mpaka dakika ya mwisho, halafu lawama inabaki kwa sindano."

"Mimi nimesema nilichokiona. Mtu wa mwisho kumgusa alikuwa na sindano."

Wote wawili wakamtazama Dobi. Hakuwa amezoea kutazamwa. Kazi yake ilikuwa kupita milango ya nyuma. Akasema jambo pekee lililomjia: "Mwenyewe ana masikio. Tumuulize."

Fagio alikuwa amefumbua jicho moja. Maumivu yalikuja na kwenda kama mawimbi, na sasa palikuwa na mwanya.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "hayo maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi?"

Swali hilo hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza. Daktari alivuta boksi tupu la glavu, akachora nyuma yake. Huu ubongo. Umezungukwa na maji, yanatengenezwa humohumo kichwani, yanashuka yanazunguka uti wa mgongo, yanarudi juu, yanachujwa kuingia kwenye damu. Pale yanapochujwa huenda pameziba. Maji yanazidi kutengenezwa, pa kutokea hakuna.

"Tangi liko juu," alisema Fagio.

"Ndiyo."

"Bomba la kutolea limejaa uchafu. Boya halifungi. Maji yanaingia tu."

"Ndiyo, fundi."

"Na wewe unataka kufungua bomba la chini."

Daktari aligusa kiuno chake mwenyewe. "Ndiyo. Hapa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Na yale tutakayotoa tutayapima tujue uchafu ni wa aina gani."

Mwenyekiti akaingilia. "Mdogo wangu, wewe si tangi!"

"Kaka, nimefanya kazi hii miaka thelathini. Umewahi kuniona nikipanda juu kugonga tangi lenye presha? Linakupasukia usoni. Unashuka chini, unafungua kidogo, unalisikiliza." Akafumba jicho. Jasho lilikuwa linamtoka. "Huyu mtoto anajua kazi. Mwacheni afanye. Sahihi niweke wapi? Niongozeni mkono, maana naona karatasi mbili."

Dobi alimwongoza mkono.

*

Walimlaza ubavu, magoti yamekutana na kidevu, na Dobi akaruhusiwa kumshika kichwa. Mwenyekiti alikataa kutoka na alikataa kutazama, kwa hiyo alisimama ameelekea ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Daktari alipofika mahali pake, aliunga kwenye sindano mrija mwembamba wa plastiki wenye alama za namba, akausimamisha wima. Maji yakaanza kupanda ndani yake. Yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa, wala usingedhani yana ubaya wowote. Yakapita kumi. Yakapita ishirini. Muuguzi akaongeza kipande kingine cha mrija juu ya kile cha kwanza.

"Imepanda mpaka wapi?" Fagio aliuliza, mdomo umebanwa na godoro.

"Tulia, fundi. Thelathini na nane."

"Inatakiwa ngapi?"

"Isizidi ishirini."

"Alaa! Ndiyo maana," alisema, kwa sauti ya fundi aliyeonyeshwa ufa aliokuwa akiutafuta.

Daktari akayaacha yatone. Tone, tone, tone, ndani ya kichupa. Dobi alihisi chini ya viganja vyake uso wa mumewe ukilegea, kwanza paji, kisha taya, kama nguo iliyokunjamana inapokutana na pasi. Baada ya dakika chache Fagio alivuta pumzi ndefu.

"Mama."

"Naam."

"Bado mko wawili. Lakini mmeacha kunipiga nyundo."

Ukutani, mabega ya Mwenyekiti yalitikisika. Mtu hangeweza kujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe hakugeuka ili ajulikane.

Majibu yalikuja jioni ileile. Daktari aliwaketisha kwenye benchi la ukumbini akawaeleza. Mtaalamu wa maabara alitia tone la maji yale kwenye kioo pamoja na wino mweusi, akachungulia, akawaona: viduara vingi, kila kimoja kimezungukwa na mwanga, kama mwezi unapokuwa na duara. Ilikuwa kuvu. Si ile ya mkate uliolala; ni ndugu yake, anayependa kinyesi cha njiwa kilichokauka. Ukikifagia kikavu inaruka na vumbi, unaivuta, inakaa mapafuni. Ndicho kile kikohozi. Kutoka mapafuni iliingia kwenye damu, ikasafiri, na mahali inapopapenda kuliko pote ni kwenye ngozi nyembamba inayofunika ubongo.

"Tuna dawa yake," alisema daktari. "Ya kwenye dripu kwanza, halafu vidonge kwa muda mrefu. Na bomba la chini, kama anavyosema mwenyewe, itabidi tulifungue tena na tena mpaka presha ishuke. Haimwambukizi mtu mwingine. Lakini kuna jambo linanisumbua. Vumbi hilo watu wengi wanalivuta. Mapafu ya mtu mzima mwenye kinga yake huifungia humohumo, ikafa. Huyu kuna kitu kimewalaza askari wa mwili wake. Nimetafuta sijakiona."

Dobi alitazama vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa na ufa wenye sura ya mto.

*

Jumatatu alirudi nyumbani mara moja kunyoosha nguo za watu. Mlangoni alimkuta msichana wa kazi wa yule mwenye nyumba aliyecheka, ameshika kikapu.

"Shikamoo, mama. Bosi amesema nichukue nguo zake."

"Hazijafuliwa bado, mwanangu."

"Amesema hivyohivyo. Amesikia baba ana ugonjwa wa kuvu." Msichana aliona haya kwa niaba ya bosi wake. "Amesema nisiguse kitu kingine."

"Haiambukizi. Mwambie daktari amesema."

"Nitamwambia, mama."

Akaondoka na kikapu amekishika mbali na mwili. Kufika saa sita vikapu vitano vilikuwa vimeondoka kwa njia hiyohiyo. Dobi alibaki na pasi ya moto na meza tupu. Akafungua kopo la wanga. Mfuko wa karatasi ulikuwepo, kimya, kama mtu anayejua mambo. Akafikiri kwamba mume wake anaendelea vizuri. Kwamba daktari ameshajua ugonjwa na ana dawa. Kwamba siri ikishatulia chini ya wanga haimdhuru mtu. Akafunika kopo.

Alipofika wodini Jumanne asubuhi, Fagio alikuwa anaondoka.

Hakuwa akiumwa kichwa, hakuwa na homa. Alikuwa tu amelegea, baridi, midomo rangi ya majivu, na kila wakimwinua macho yalizunguka. Walikuwa wamefungua bomba la chini asubuhi hiyo na presha ilikuwa imeshuka vizuri, ishirini na mbili. Dawa ilikuwa inaingia. Lakini presha ya damu ilikuwa inateremka kama ndoo iliyotoboka, na daktari, ambaye alionekana hajalala, alikuwa anasoma faili kwa mara ya tatu akitafuta tundu.

"Kila kitu nimefanya sawa," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kila kitu."

Mwenyekiti alikuwa miguuni pa kitanda. "Nilisema mimi. Nilisema sindano. Mkanipinga, na sasa..."

"Si sindano," alisema Dobi.

Alishangaa mwenyewe kwa sauti yake ilivyokuwa kubwa.

"Shemeji, si sindano. Ni mimi. Daktari, uliniuliza dawa nikasema hapana. Zipo. Vidonge vyeupe vya mgongo, vya dukani, miaka miwili. Viwili kila asubuhi. Mimi ndiye nanunua. Tangu tuje hapa Jumamosi hajameza hata kimoja." Akatoa mfukoni mwake mfuko wa karatasi. Tangu jana alikuwa ameutoa chini ya wanga bila kujua ataupeleka wapi. Alifunika kopo likiwa na wanga tu, akajidanganya kwamba anakwenda kuutupa. "Ndivyo hivi. Nigombeze baadaye. Kwanza mtibu."

Daktari hakugomba. Alimimina vidonge kiganjani, akatazama alama iliyochongwa, kisha akatazama mashavu ya Fagio, yale mashavu ya duara yaliyosifiwa mtaa mzima, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Akamwita muuguzi, akamtajia jina la dawa. Sindano ikachomwa mshipani, maji ya chumvi yakafunguliwa yakimbie.

Baadaye, walipokuwa wakisubiri, alieleza. Mwili wa mtu hutengeneza dawa ya namna hii wenyewe, kidogo kila siku. Ukiuletea kutoka nje miaka miwili, huacha kutengeneza. Hukaa kama mtoto aliyezoea kulishwa. Ukikata ghafla, unaanguka. Na muda wote huo vidonge vinawalaza askari, ndipo kuvu ya njiwa ikapita mapafuni bila kuulizwa kitambulisho.

"Na kunawiri?" Dobi aliuliza.

"Hakunawiri, mama. Mashavu hayo ni ya vidonge."

Dobi alijifunika uso kwa kiganja. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua; lakini wazee hawakusema neno juu ya anayeyasifu. Alingoja sauti ya shemeji. Alijua itakavyokuwa: kikao, ukoo wote, yeye katikati. Alikuwa tayari. Hakustahili pungufu ya hapo.

Sauti haikuja. Alipoinua kichwa alimwona Mwenyekiti ameshika shavu lake mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, polepole, kama mtu anayelipima tikiti maji sokoni. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mfuko mdogo wa karatasi usio na jina.

"Ni ya magoti," alisema. "Ya magoti tu."

Daktari alivitazama. Vilikuwa vilevile.

"Vingapi kwa siku, mzee wangu?"

"Vitatu." Akasugua goti. "Vinne, kukiwa na kikao."

"Basi usiviache leo. Umesikia? Usiviache ghafla, umeona yaliyompata mdogo wako. Alhamisi njoo chumba namba sita, tutavipunguza taratibu."

"Shemeji," alisema Mwenyekiti bila kumtazama Dobi, "jambo hili halina haja ya kikao."

Saa tisa mchana presha ya damu ilikuwa imepanda. Fagio alifumbua macho akaomba uji, kisha akauliza nani amefagia wodi ile, maana pembeni kule wameacha.

*

Alikaa hospitali wiki tano. Bomba la chini lilifunguliwa mara saba, na mara ya saba mrija uliishia kumi na sita, daktari akampa mkono kama fundi kwa fundi. Alitoka na vidonge vya kuvu vya miezi mingi, na vile vingine vya kupunguza kidogo kidogo, ambavyo Dobi aliviandika kwenye kalenda ukutani kwa kalamu nyekundu, kila siku na kiasi chake, mahali ambapo kila anayeingia angesoma. Kopo la wanga lilibaki na wanga.

Mashavu yalikwenda. Yalikwenda wiki baada ya wiki, na chini yake ukatokea uso mrefu, wenye mifupa, ambao Dobi aliukumbuka tangu ujana. "Jamani, mumeo amekonda, pole," watu walimwambia, naye akawajibu, "Hiyo ndiyo sura yake. Ile nyingine tulikuwa tumeazima." Mgongo ulimuuma tena, akajifunza kuunyoosha juu ya mkeka kila asubuhi akilalamika kwa sauti. Wateja wawili wa nguo walirudi. Watatu hawakurudi. Mwenyekiti alionekana kila Alhamisi kwenye benchi la chumba namba sita, akiwapanga wagonjwa wenzake foleni.

Kisha yule mwenye nyumba aliyecheka akatuma mtu: bomba la jikoni linavuja na mafundi wawili wameshindwa. Dobi alisema asiende. Fagio akaenda, na Dobi akamfuata, kubeba mfuko wa vifaa, alisema, ingawa mfuko ulikuwa mwepesi.

Alifanya kazi taratibu, jicho moja likiwa bado limefunikwa na kitambaa alichoshonewa na mkewe ili asione vitu viwili viwili. Alifungua, akasafisha, akafunga. Maji moto yakatoka kwa moto, baridi kwa baridi. Mwenye nyumba alijaribu yote mawili, mara mbili. Hakuomba radhi, lakini alileta ufagio mwenyewe.

"Naomba na ndoo ya maji," alisema Fagio.

"Maji ya nini? Ni vumbi kidogo tu."

"Ndiyo, dada. Vumbi kidogo tu." Akachovya vidole, akanyunyizia sakafu mpaka vumbi likawa zito, akajifunga kitambaa puani, ndipo akafagia. Sakafu yote. Hadi nyuma ya mlango.

Nje jua lilikuwa la saa nne. Walipofika kona, Fagio alisimama, akafungua kile kitambaa cha jichoni akakitia mfukoni. Alimtazama mkewe kwa macho yote mawili, kwa muda mrefu, hata Dobi akajishika kichwani kuona kama mtandio umekaa vibaya.

"Nini wewe?"

"Mwenzio ameondoka," alisema Fagio.

"Nani?"

"Yule mke wa pili. Namtafuta hapo ubavuni mwako simwoni. Ameondoka hata kwaheri hakuaga."

Dobi akahamisha mfuko wa vifaa kutoka mkono huu kwenda ule, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio, akatangulia mbele hatua mbili ili mumewe asimwone.

"Mwache aende," alisema. "Miezi yote hii hakunisaidia kufua hata soksi."